Kisiwa cha watu kumi

Septemba 2017 mzee mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada, aliniomba nikamsaidie kutoa gati lake majini. Ana nyumba ya mapumziko Castle Island, kisiwa kidogo cha ziwa Lac Ste. Anne, magharibi mwa mji. Sikumwacha amalize. Mtu wa Ukerewe, kisiwa chetu cha Ziwa Victoria huko Tanzania, ukishamtajia kisiwa, tayari yuko njiani.

Nyumba zipo, nzuri, boti zimefunikwa maturubai. Watu ndio hamna. Nikamwuliza wako wapi. "Mjini. Shule zimefunguliwa."

Sensa ya Kanada ya 2011 ilikuta hapo wakazi 19. Ya 2016 ikakuta 10. Na hicho si kitongoji, ni serikali ya mitaa kamili! Wakati huo Alberta ilikuwa na 51 za aina hiyo, sheria inaziita vijiji vya kiangazi. Uchaguzi wao hufanyika kiangazi, wenye nyumba wakiwapo, na mwenye nyumba anapiga kura hata kama anaishi mjini mwaka mzima.

Jioni nilimpigia mjomba, ambaye amekuwa balozi wa nyumba kumi tangu mimi sijaanza shule.

"Watu kumi au nyumba kumi?"

"Watu, mjomba."

"Madiwani je?"

"Kwa kawaida watatu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo wanaotawaliwa ni saba."

Lakini kumi hiyo ni ya karani kuliko ya kisiwa. Kanada wanakuhesabu kwenye makazi yako ya kawaida, popote utakapokuwa siku hiyo, na sensa yao huwa Mei, barafu ya ziwa ikiwa ndiyo kwanza imeyeyuka. Sisi Tanzania swali letu ni moja: nani amelala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa? Mvuvi akilala mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anahesabiwa mwaloni. Wangehesabu kwa mtindo wetu, Jumamosi moja ya Julai, kisiwa kile kingefura. Wangehesabu Januari, sijui kama karani angepata hata wa kumpa chai.

Kazi yenyewe ilitutoa jasho, baridi na yote. Tulivaa suruali za mpira zinazofika kifuani tukaingia, mzee upande mmoja, mimi mwingine, tukalivuta gati kipande kwa kipande hadi nchi kavu, maana likibaki barafu italivunja. Kisha tukakausha mabomba ya nyumba yote. Mwisho mzee akachukua dumu la dawa ya rangi ya waridi, isiyoganda, akamimina kwenye sinki na chooni, taratibu kama anayemnywesha mgonjwa uji, ili maji yaliyobaki kwenye kona ya bomba yasigande yakalipasua. Akazima umeme, akafunga mlango, akaujaribu mara mbili. Kijiji kikawa kimefungwa, kama duka.

Agosti 23, 2022 mjomba ndiye aliyenipigia. Karani wa sensa alikuwa amepita kwao asubuhi hiyo. Mama alinitaja kati ya watoto wake waliomo ndani, jina kamili na umri, na karani akaanza kuandika kabla hajauliza kama nimelala pale jana.

"Ikabidi nimwambie," mjomba akasema. "Mama yako hajaniongelesha tangu asubuhi."