Maua ya Hina Tumboni

Mwanangu wa kike alikuwa amejichagulia mahali pake pa kudungwa: paja la kushoto, juu kidogo ya kovu la baiskeli. Asubuhi kabla ya chai, jioni kabla ya chakula, insulini, dawa yake ya kisukari, iingie papo hapo. Alisema hapaumi, na kweli hapakumuuma.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyetufumbua macho, mwishoni mwa Ramadhani. Alilibonyeza lile paja, akaniambia niguse mwenyewe. Chini ya ngozi nikahisi kinundu. Alinieleza kuwa ni mafuta yaliyojikusanya kwa kudunga mahali pamoja kila siku, na dawa ikiingia pale hainyonywi sawasawa. Leo inachelewa, kesho inafika yote kwa mkupuo. Ndipo nilipoelewa kwa nini mashine ya kupimia sukari ilitusomea 16 leo na 5 kesho yake, na dawa ni ile ile, mkate ule ule. Tukaambiwa tuhame: tumbo, mapaja yote mawili, makalio, kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Akatuonya pia kwamba ngozi isiyo na kinundu huinyonya dawa vizuri zaidi, kwa hiyo sukari yaweza kushuka. Tupime mara kwa mara.

Haya, mwambie mtoto wa miaka minane.

"Mama, tumboni si kuna matumbo!"

Nilibembeleza, nikaahidi, nikakaripia. Wako wanaoshauri mtoto ashikwe kwa nguvu mambo yaishe. Mimi sikubaliani nao. Sindano ni mbili kila siku, maisha yake yote. Ukizianza kwa vita, vita hivyo utavimaliza lini?

Usiku wa kuamkia Idi, nyumba yetu ya Kibokoni ilijaa wanawake na harufu ya hina. Bibi yake alipomaliza mikono ya wakubwa, akamwita.

"Njoo mjukuu wangu. Wewe leo nakupaka pasipopakwa mtu."

Akamlaza mkekani, akampandisha dera, akaanza kuchora maua kukizunguka kitovu, akikiacha chenyewe kwa upana wa vidole viwili. Ilikuwa hina ya majani. Piko alikataa kabisa, ile dawa nyeusi huchubua watoto. Baina ya ua na ua aliacha ngozi tupu.

"Kila kipenyo kina zamu yake. Asubuhi upande wa kulia, jioni wa kushoto."

Mtoto akacheka kwa kutekenywa na ncha ya koni.

Asubuhi ya Idi aliibiringisha chupa ya dawa viganjani mwenyewe mpaka ikachanganyika, akanipa nivute. Nikagonga bomba kutoa mapovu. Akaufinya mkunjo wa ngozi kati ya maua mawili, akageuza uso ukutani. Nikadunga. "Tayari?" akauliza. Akanywa chai na mahamri, akavaa, akatoka na binamu zake kuzunguka nyumba za jamaa kutafuta mkono wa Idi.

Kabla ya adhuhuri wakamrudisha, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, pochi ya pesa ameing'ang'ania. Mashine ikasoma 3.2, sukari imeshuka mno. Wajomba wakapiga kelele soda, soda! Iliyokuwa frijini, bahati yetu mbaya, ni ile isiyo na sukari, niliyomnunulia yeye. Bibi hakupiga kelele. Alichota shira kwenye bakuli la kaimati, akaikoroga katika kikombe cha maji, akamnywesha. Tukangoja dakika 15, tukapima tena: 5.1. Hapo akaomba na kaimati zenyewe, akapewa, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Wiki iliyofuata daktari alipunguza kipimo cha dawa. Muuguzi alitazama tumbo, hina imeanza kupauka, akauliza nani fundi.

"Bibi," mtoto akajibu. "Ya mapaja atanichora Idi kubwa."