Pindo la Adelita

Hapa San Antonio, Texas, watu wakishajua una cherehani, kulala basi tena. Zilianza suruali za kupunguza miguu, zikaja zipu, hadi juzi jirani yangu, mama wa Kimeksiko, akanigongea mlango akiwa amekumbatia gauni kubwa kuliko yeye. Ni la binti yake, na Jumapili angepanda farasi nalo.

Nikacheka. Shingo ndefu, mikono mirefu, lesi kifuani, marinda juu ya marinda, na chini yake gagulo lililotiwa wanga likasimama lenyewe. Tanga nimeshonea mabibi harusi magauni ya namna hii. Ila juu ya farasi?

Wenyewe wanaliita Adelita, jina walilopewa wanawake walioandamana na wapiganaji wa mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza 1910. Mchezo wake ni escaramuza, ulianza kwao mwaka 1953: wanawake 8 wanakimbiza farasi na kupishana katikati ya uwanja karibu kugusana, wote wamekaa upande. Kukaa upande si kitu kigeni kwetu, mtu na kanga yake nyuma ya bodaboda, lakini hapa dereva ni yeye mwenyewe. Miguu yote iko kushoto, wa kulia umepitishwa juu ya pembe ya tandiko. Na kwa kuwa kulia hakuna mguu wa kumsukuma farasi, anashika fimbo.

Kazi niliyopewa ni kupandisha pindo. Nikamsimamisha binti juu ya stuli kama ninavyowasimamisha wateja wote, nikazungusha pini, nikashona. Safi kabisa. Jumamosi mazoezini akapanda, goti la kulia likavuta kitambaa chote juu, na ugoko ukawa nje. Mama mtu akanitazama tu. Kumbe kabla ya kuingia uwanjani waamuzi wanakagua mavazi: kola, mikono, buti, kofia, na magauni ya wote 8 yawe sare. Kosa la mmoja linaikata timu nzima alama.

Nikafumua usiku ule ule. Kilichoniokoa ni mazoea ya nyumbani: pindo sikati, nakunja. Tukaweka tandiko juu ya mkono wa sofa, binti akapanda sebuleni, nikapima akiwa pale pale juu. Akisimama gauni linafagia sakafu. Akikaa linatua sawasawa juu ya buti.

Jumapili nikamfunga mtandio kiunoni, rebozo wanauita. Kwa kufunga kibwebwe hakuna wa kunifundisha. Walivyokuwa wanazunguka, marinda yakitanda mgongoni mwa farasi, watu wanashangilia, mimi macho yangu yako kwenye pindo moja tu.

Baadaye akanifuata mama mwingine, ana mabinti watatu. Nimemwambia alete magauni na tandiko.