Bostan, Bustani

Mwezi wa Februari 2012 nilikuwa nikifundisha Kiingereza kwa kujitolea katika kijiji kimoja karibu na Marneuli, kusini mwa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, eneo ambalo wakazi wake wengi ni Waazeri, watu wa asili moja na wale wa nchi jirani ya Azerbaijan, ingawa nchi yenyewe ni Georgia. Nyumbani walizungumza Kiazeri, shuleni walisoma kwa Kiazeri, na Kigeorgia nilichohangaika kujifunza tangu Novemba hakikunifikisha mbali.

Asubuhi hiyo mwalimu mwenzangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinitafsiria, hakuja kwa sababu ya homa. Theluji ilikuwa imefunika barabara, na watoto 14 wa darasa la tano walikuwa wamesogeza madawati karibu na jiko la chuma la kuni, kila mmoja na koti lake mwilini. Niliuliza swali, nikalirudia polepole, nikalichora ubaoni, na bado walinitazama kwa huruma bila kujibu. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma alipoinua mkono na kuita, "Müəllimə!", akinionyesha moto uliokuwa ukififia.

Neno hilo nililisikia kila siku, lakini siku hiyo ndipo nilipolisikia hasa. Ni mwalimu, vile vile ninavyoitwa Tanga! Nilinyanyua kitabu kilichokuwa mezani. Wakasema "kitab", nami nikasema "kitabu". Chumba kizima kiliamka. "Dəftər," alisema msichana mmoja, akanipungia daftari lake. "Qələm," akasema mwingine, na kalamu ikapita mkono kwa mkono hadi kwangu. Saat ikawa saa, dünya ikawa dunia. Tulipofika kwenye "məktəb" tulikwama kidogo, kwa kuwa wao waliielekeza mikono kwenye kuta za shule nami nikaielekeza kwenye rafu ya vitabu, mpaka nikaelewa kwamba lugha zetu zote mbili zilichukua neno kutoka kwenye shina moja la Kiarabu, la kuandika, kisha kila moja ikaenda nalo kwake. Ubao ulijaa. Hatukusoma Kiingereza hata sentensi moja, na mpaka leo nalihesabu kuwa somo bora kuliko yote niliyofundisha huko.

Jioni habari zilinitangulia nyumbani. Nyanya wa familia iliyonipokea, ambaye watoto walimwita nənə, alikuwa akinisubiri na chai katika bilauri ndogo iliyobanwa kiunoni, pamoja na kisahani cha jamu. Kila siku nilimwamkia kwa kumbusu mkono kama tufanyavyo Pwani, kwa sababu maneno sikuwa nayo. Safari hii hakuniachia mkono. "Nə xəbər?" aliniuliza, na kwa mara ya kwanza nilimjibu bila kusubiri mtafsiri, kwa kuwa aliniuliza habari gani. Alichovya kidole kwenye chai, akasema "çay", nikasema chai. Alileta kipande cha sabuni kutoka kwenye karo, akacheka alipolisikia jina lake kinywani mwangu.

Kisha aliinuka, akafuta ukungu kwenye kioo cha dirisha kwa kiganja, akanionyesha uwanja wa nyuma, ambapo hapakuonekana chochote isipokuwa weupe na vijiti vya kuegemezea mimea ya nyanya vya mwaka uliopita.

"Bostan," alisema.

"Bustani," nikamjibu, naye akalirudia neno langu mara mbili, taratibu, akiitazama theluji.