Mzigo wa Gurami Uliochanganyika

Mifuko yote ya samaki hawa wadogo wa mapambo ilikuwa na lebo moja, "gurami wa asali wa dhahabu", na ndani yake mlikuwa na spishi tatu. Jioni mzigo ulipofika hakuna aliyeweza kuliona hilo. Samaki wote walikuwa wamepauka, mapezi yamebana mwilini. Gurami akisafiri gizani ndani ya maji yaliyochafuka, chembe za rangi ndani ya seli za ngozi yake hujikusanya pamoja naye hupauka, na anayemhukumu kwa rangi siku hiyo atakosea tu.

Mwenye mzigo, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza ufugaji, alitaka tuwachague usiku uleule. Nilimwomba tuanze na maji. Tulizima taa, tukaiacha mifuko ielee tangini ikiwa imefungwa kama dakika 20 hadi joto lilingane. Baada ya kufungua hatukukawia. Katika mfuko uliofungwa, kaboni dioksidi wanayoitoa samaki hushusha pH (kipimo cha maji kuwa asidi au alkali), na amonia iliyolundikana humo hubaki katika hali isiyodhuru sana. Mfuko ukifunguliwa kaboni dioksidi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu kali. Kwa hiyo tuliwatoa kwa wavu laini mara moja, maji ya mifuko tukayamwaga nje. Tangi la karantini lilikuwa na joto la nyuzi 26, mimea inayoelea, na kifuniko kilichobana. Gurami huvuta hewa juu ya maji kwa kiungo cha labirinti, na hewa baridi ikipenya hapo humdhuru.

Baada ya siku chache za chakula na utulivu, mapezi yalifunguka, nasi tukaanza kuchagua kwa umbo. Gurami kibete, Trichogaster lalius, alijitenga mwenyewe: mwili wa kimo kirefu, uliobanwa pande zote mbili. Wawili waliobaki ndio wanaowachanganya watu, maana wote huuzwa wakiwa na rangi ya chungwa. Gurami wa asali, Trichogaster chuna, ni mdogo, hukomea sentimita 5 hivi, na pezi la mgongoni la dume lake huishia kwa mviringo. Gurami mwenye midomo minene, Trichogaster labiosa wa Myanmar, hukua hadi karibu sentimita 9, na dume lake lina pezi la mgongoni lililochongoka nyuma. Ukiwatazama ubavuni wakiwa wametulia, pezi hilo linatosha kuwatenganisha madume. Kwa majike tulitazama ukubwa na midomo, na mstari wa kahawia unaotoka jichoni hadi mkiani, ambao jike wa asali huuonyesha wazi. Kazi hii haikuwa ya kupendezesha lebo. Spishi hizi za karibu zinaweza kuzaana, na machotara wakishaingia kwenye mbegu hutajua tena unachokizalisha.

Waliobaki ni wachache wa kijivu.

"Kaka, hawa si wagonjwa?" kijana aliniuliza.

Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa gurami wa asali wa rangi ya asili. Hao ndio niliowapenda kuliko wote, na bado nawapenda. Dume mmoja tulimhamishia tangi la peke yake pamoja na jike, joto nyuzi 28, akaanza kujenga kiota cha mapovu chini ya jani pana. Alipomkaribia jike, mwili wake uligeuka rangi ya asali iliyoiva. Weusi wenye ubuluu ukaanzia mdomoni, ukapita chini ya jicho, kooni, tumboni, ukaingia hadi kwenye pezi refu la chini, huku ukingo wa pezi la mgongoni ukiwaka njano. Jike alipojificha, weusi ule ulififia palepale. Si ajabu Francis Hamilton, alipowaeleza samaki hawa mwaka 1822, aliwapa dume na jike majina ya spishi mbili tofauti. Wale wa dhahabu waliochaguliwa vizazi kwa vizazi hubaki na njano muda wote, wakiwa wametulia au wamekasirika. Wanavutia, lakini hubadilika kidogo kuliko wa asili.

Vibete wetu walikuwa wekundu mwili mzima, pezi la mgongoni tu likiwa na buluu. Kibete dume wa asili ana milia ya buluu na nyekundu iliyoinama, na mbegu nyingine zimepatikana kwa kuvutia upande mmoja: nyekundu ikitawala, au buluu ikifunika karibu mwili wote. Rangi hizo mbili hazitunzwi kwa njia moja. Nyekundu hutokana na karotenoidi, yaani rangi za asili zilizomo katika chakula, basi tuliwapa dafnia na artemia (wadudu wadogo wa majini) pamoja na chakula kikavu. Buluu ni mwanga unaoakisiwa na fuwele za guanini ndani ya seli. Chakula hakiiongezi, ila taa ikitoka juu kidogo kwa mbele huionyesha vizuri.

Vibete tuliwapa wavu wao na ndoo yao. Baadhi ya vibete wa kibiashara hubeba virusi vya irido visivyo na tiba, na dalili zake ni kupoteza rangi, vidonda na tumbo kuvimba. Wiki 6 za karantini si nyingi kwao. Muda huo pia hufichua waliolishwa homoni ili wapendeze mapema: rangi hupungua wiki hadi wiki ingawa wanakula vizuri.

Jozi ya asali ilitaga. Maji yalikuwa sentimita 15 katika tangi la lita 40, na kichujio cha sifongo kikitoa povu mojamoja, kwa sababu mkondo huvunja kiota. Jike tulimtoa mara baada ya kutaga. Mayai yalianguliwa kabla ya saa 36, na vifaranga walipoanza kuogelea wenyewe tulimtoa dume pia. Wiki ya kwanza walikula infusoria tu, yaani viumbe vidogo mno vya majini, kwani artemia, hata aliyeanguliwa sasa hivi, haingii kinywani mwao. Utando wa mafuta juu ya maji tuliuondoa kwa karatasi kila asubuhi. Kiungo cha labirinti kinapokomaa, utando huo huwanyima hewa, nao hufa wengi kwa mkupuo.

Rangi hatukuitumia kuwachagua hadi mwisho. Tuliangalia mgongo ulionyooka, nyuzi mbili za kifuani zilizo kamili, na pezi la mgongoni lisilo na pengo. Waliopita hapo ndio tuliowasubiri wapevuke, maana dume wa asili hutambulikana vizuri anapoanza kutaka jike.