Ni utaratibu tu, bibi

Wakaguzi wa hospitali wamekuja wakaondoka, na mimi kimawazo tangu Jumanne bado nimesimama kitanda namba nne, wodi ya wazazi.

Kichanga kilo 4.6, mashavu yamejaa. Bibi yake akaniona na sindano ya kutoboa kisigino, nipime sukari. "Mtoto kashiba hivi, mwanangu, mnamtoboa cha nini?" Nami nikajibu, "Ni utaratibu tu, bibi." Akamvuta mjukuu kifuani.

Utaratibu! Ningemwambia: bibi, hiyo si shibe. Binti yako ana kisukari cha ujauzito: sukari yake hupita kondo la nyuma, insulini yake, homoni ya kushusha sukari, haipiti. Kongosho la mtoto likatengeneza insulini yake kwa wingi, sukari ikageuka mafuta, hasa mabegani. Ndiyo maana kichwa kilitoka, bega likakwama, tukamkunja binti yako magoti hadi tumboni huku mwenzangu akibonyeza juu ya kinena. Kitovu kilipokatwa, sukari ya mama ilikatika papo hapo. Insulini ya mtoto ikabaki ileile, inafyonza kidogo kilichopo. Kwa hiyo anyonye ndani ya saa moja, na apimwe kabla ya kunyonya, sukari isishuke chini ya milimoli 2.6 kwa lita ya damu. Wengine hutetemeka. Wengine hawaonyeshi kitu.

Wala si chai ya sukari iliyomponza binti. Homoni za kondo hupunguza nguvu ya insulini kadiri mimba inavyokua. Ndiyo sababu ya kupima wiki ya 24 hadi 28, hajala, kisha anywe gramu 75 za glukosi na kupimwa tena. Ikiwa 5.1 au zaidi kabla hajanywa, tayari ni kisukari cha ujauzito. Yeye alianza kliniki wiki ya 35.

Saa tisa usiku bibi akaja mwenyewe. "Analala mno, titi halitaki." Akanyoosha kisigino cha mtoto bila kuambiwa. 2.3. Tukamkamulia dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, kijiko kwa kijiko, na safari hii nikaeleza yote. Baada ya nusu saa, 2.9.

Bibi akakaa kimya, kisha: "Wangu wa tatu alikuwa mnene hivihivi. Alilala tu."

Sikupata la kusema. Alfajiri, kabla hajaonja kitu, nikamtoboa yeye kidole. 9.4, juu mno.

Binti arudi baada ya wiki 6 kunywa tena glukosi. Bibi nimemwandikia kliniki ya Alhamisi.