Barua ya kuacha kazi bado iko kwenye begi

Mwezi Machi, ndani ya wiki tatu, nilibadilisha kazi mara nne kichwani. Jumatatu nilikuwa mfugaji wa kuku wa kienyeji, Ijumaa nikawa mwanafunzi wa sheria. Wiki iliyofuata nikapiga hesabu ya cherehani tatu na fremu ya kupanga Mbagala. Halafu usiku mmoja, saa nane, nikajikuta najaza fomu ya kozi ya programu za kompyuta, mimi ambaye simu ikijaa picha nampa mdogo wangu azifute.

Mimi ni afisa mikopo, mwaka wa sita huu. Mtaani mikopo yetu inaitwa kausha damu, na sina cha kubisha. Asubuhi nafuata marejesho kwenye vikundi, jioni bosi anapiga simu kuuliza nani hajaleta. Siku tuliyobeba friji ya mama mmoja muuza maandazi, mwanawe kaung'ang'ania waya, nililala na viatu. Kesho yake nikaandika barua.

Aliyenikwamisha ni shangazi yangu wa Pangani. Nilimpigia nikiomba anichangie mtaji wa cherehani. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, unakula?"

"Nakula, shangazi."

"Unakula nini?"

Chipsi. Chai. Chipsi. Nikanyamaza.

"Sasa hiyo biashara utaianza na mwili upi? Njoo kwanza."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatupa siku 28 za likizo kwa mwaka, mfululizo. Zangu nilikuwa nazikata vipande: mbili msiba, tatu harusi. (Na harusi si mapumziko, jamani. Unarudi hoi kuliko ulivyokwenda.) Safari hii niliomba zote. Bosi alinuna, akasaini.

Kwenye basi nilisoma kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu wa kazini kama hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu, si ugonjwa. Mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kujiona hufanyi la maana. Hilo la pili nililisoma mara mbili. Kumbe hata ile chuki huenda ilikuwa uchovu unaongea, na mimi nilishataka kuuza mpaka kitanda kwa kuisikiliza.

Wiki ya kwanza nililala tu, hadi shangazi akawa anachungulia kama napumua. Ya pili nikaanza kwenda naye kivukoni, anakouzia samaki wa kukaanga watu wanaosubiri kuvuka kwenda Bweni. Daftari lake la wanaodaiwa lilikuwa vurugu tupu. Nikalipanga upya, mistari, jumla, tarehe, na jioni moja nikashtuka nimekaa nalo saa mbili nzima bila kuangalia simu. Nikamwambia nikawafuate wadaiwa. Akakataa: "Waache. Watalipa bahari ikitulia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hesabu naipenda. Ninachokichukia ni kugonga mlango wa mtu. Kuku, sheria, cherehani na kompyuta, hakuna hata kimoja kilichokuwa changu.

Nimerudi Dar Jumapili. Barua imepata doa la mafuta ya samaki na tarehe sijaijaza. Nimeanza kuulizia masomo ya jioni kwa ajili ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na ikifika saa nne usiku simu inalala sebuleni, mimi chumbani.