Zawadi za Wakwe na Njia ya Mita 1,620

Wazee waliokuwa wanapeleka mahari walitaka kutua Arusha mjini, si KIA, yaani Uwanja wa Kilimanjaro, na walikuwa na sababu. Kutoka KIA mpaka Kisongo ni zaidi ya kilomita 50, na foleni ya kuingia mjini haijali kama umebeba mahari. Uwanja wa Arusha uko huko huko Kisongo. Ukishuka kwenye ndege umeshafika ukweni. Kampuni niliyokuwa narushia jeti hapa Dar es Salaam ikapokea kazi na kuandika kwenye ratiba: Dar, Arusha, Dar, abiria saba, kurudi saa saba mchana. Ulikuwa mwezi wa pili, kaskazi inavuma, nami nilikuwa rubani msaidizi.

Mteja akikodi jeti huuliza bei na saa ya kuondoka. Rubani ana maswali yake: njia ya kurukia ina urefu gani, iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, na joto litakuwa nyuzi ngapi saa ya kuruka. Dar haikusumbui. Njia kubwa ya Uwanja wa Julius Nyerere ina mita 3,000 na iko futi 182 tu juu ya bahari. Arusha iko kama futi 4,550 juu, njia yake wakati ule ilikuwa na mita 1,620, na haikuwa na taa. Jua likizama, uwanja ulifungwa.

Kutua kwenyewe kulihitaji hesabu. Mwongozo wa kampuni ulitaka jeti iliyobeba abiria wa kulipa iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya urefu wa njia. Asilimia 60 ya 1,620 ni mita 972. Kwa uzito tuliopanga kufika nao, jedwali lilitupa mita 940. Njia ikilowa unaongeza asilimia 15 kwenye mahitaji hayo, na hapo hakuna mjadala, unakwenda KIA. Jioni ya kuamkia safari kapteni alizipitia karatasi mara mbili, kisha akapiga simu Arusha kuuliza kama kumenyesha. Kukavu.

Asubuhi tulikuwa Jengo la Kwanza la uwanja wa Dar tangu saa kumi na moja alfajiri. Kwenye shirika kubwa la ndege kuna mtu wa mafuta, mtu wa mizigo, mtu wa kupanga safari. Kwenye jeti ya kukodi watu hao wote ni marubani wawili. Nilianza na vijibomba vya kupimia kasi vilivyo puani mwa ndege. Dar ina nyigu wanaojenga kwa udongo, na akipata tundu lililo wazi anaweza kuliziba kwa muda mfupi sana. Kijibomba kikiziba, saa ya kasi inakudanganya, na utaligundua hilo ukiwa tayari unakimbia kwenye njia. Kwa hiyo kofia zake hazivuliwi usiku wala mchana mpaka dakika za mwisho, na ukizivua unachungulia ndani kwa tochi.

Kisha mafuta. Unachukua sampuli kwenye chupa ya kioo, unaizungusha, unaiangalia kwenye mwanga. Yawe maangavu kabisa, bila ukungu wala chembe. Maji ni mazito kuliko mafuta ya ndege, hivyo hutulia chini ya tangi, na ndiyo maana sampuli hutolewa sehemu ya chini kabisa. Lori la mafuta nalo linapimwa kwa kidonge kinachobadilika rangi kikigusa maji. Tulijaza ya kwenda na kurudi, ili tusihitaji kujaza Arusha.

Wazee walifika wakiwa wamependeza, kanzu na makoti. Kapteni aliwaamkia mmoja mmoja, halafu akawaomba wapande kwenye mizani. Kwa ndege kubwa unaweza kutumia uzito wa wastani kwa sababu watu ni wengi na tofauti zao zinafidiana. Kwa watu saba wastani unaweza kukukosesha kilo nyingi. Ni ombi gumu kumtolea mtu mzima aliyevaa rasmi. Aliyeturahisishia ni mshenga, msemaji wa msafara, ambaye alipanda wa kwanza na koti lake na simu zake mbili mfukoni, akasema, "Pima, mwanangu, mimi si mchumba." Wengine wakamfuata. Jumla yao ilikuwa kilo 590.

Safari ya kwenda ilichukua dakika 45, na tulitua tukasimama kabla ya kufika mwisho wa njia bila kukandamiza breki. Wenyeji walikuwa wamepanga magari mstari. Tukabaki na ndege yetu juani.

Saa saba ikapita. Saa nane. Tulilitegemea hilo, shughuli ya mahari haina saa. Joto lilipanda mpaka nyuzi 29. Kitabu kinasema hewa ya kawaida kwenye kimo cha Arusha ina nyuzi 6, kwa hiyo tulikuwa na ziada ya nyuzi 23. Kila nyuzi ya ziada huongeza takriban futi 120 kwenye kimo ambacho mabawa na injini vinakihisi. Ndege ilikuwa imeegeshwa kwenye futi 4,550, lakini kwa mabawa yake ilikuwa zaidi ya futi 7,300. Hewa nyepesi inapunguza nguvu ya injini, na wakati huo huo inalazimisha ndege ikimbie kasi zaidi ardhini ndipo inyanyuke. Hasara mbili kwa mpigo, kwenye njia ile fupi.

Kwa nyuzi 29 jedwali lilitupa kikomo cha kilo 5,740. Kikomo hicho hakisemi tu kwamba ndege itanyanyuka. Kinasema kwamba injini moja ikifa kwenye kasi tunayoiita V1, utaweza ama kusimama kabla ya njia kuisha, ama kuendelea kuruka kwa injini iliyobaki na kupanda kwa mwinuko unaotakiwa. Kwa kuruka upande wa mashariki Mlima Meru, zaidi ya mita 4,500, unakuwa mbele yako kushoto. Hesabu yetu ilikuwa hivi: ndege na sisi wawili kilo 4,150, wazee 590, mikoba 40, mafuta 870. Jumla 5,650. Tulikuwa na nafasi ya kilo 90.

Saa tisa na nusu alasiri magari yakarudi, na nyuma yake pikapu.

Wakwe walikuwa wamejibu mahari kwa zawadi. Mifuko miwili ya maharage, mfuko wa viazi, mikungu mitatu ya ndizi, na ndoo ya lita 20 ya asali. Kapteni hakusema neno. Alitoa mizani ya kuning'iniza, akapima kimoja kimoja, mimi naandika: maharage kilo 100, viazi 70, ndizi 47, asali 28. Ndoo ya asali hudanganya macho. Lita 20 za maji zingekuwa kilo 20, lakini asali ni nzito kuliko maji kwa karibu nusu yake. Jumla kilo 245. Ndege ingekuwa na kilo 5,895, yaani 155 juu ya kikomo.

Mshenga aliona kapteni anaandika na hapakii. Akamwendea.

"Kapteni, kuna tatizo?"

"Mzee wangu, hewa ya saa hizi haibebi uzito huu kwenye njia hii. Watu nawabeba. Mzigo wote siwezi."

"Mwanangu, huo si mzigo. Ukiona gunia lile, ile ni heshima ya watu. Tukiliacha hapa getini na wao wanatuangalia, tumekuja kufanya nini?"

Wenyeji walikuwa kweli wamesimama nje ya uzio, wanangoja kutupungia. Naamini mzee alikuwa na haki kabisa, na jedwali nalo lilikuwa na haki.

Kulikuwa na njia ambazo mtu mwenye haraka angezijaribu. Ya kwanza ni kuunguza mafuta ardhini. Kurudi Dar kulihitaji kilo 420 za safari, 21 za dharura, 120 za kwenda Zanzibar endapo Dar isingepokea ndege, na 170 za nusu saa ya akiba ya mwisho: jumla 731. Ziada tuliyokuwa nayo ni 139, na tulitakiwa kupunguza 155. Kuyanyonya kutoka kwenye tangi ni kazi ya lori na muda, na mafuta yaliyokwisha kuingia ndani ya ndege hayarudishwi kwenye akiba safi. Ya pili ni kungoja ubaridi. Kila nyuzi ikishuka tungepata kama kilo 25, na mpaka jioni zingeshuka labda tatu. Ukichanganya, ubaridi kidogo na kuunguza kidogo, karatasi ingekubali. Kapteni alikataa, na leo nikiwa kwenye kiti chake ningekataa vile vile. Ungeondoka jua likizama, mafuta yamepunguzwa, uzito uko kwenye kikomo, na uwanja ulio nyuma yako hauna taa za kukupokea. Akiba zote zinakwisha kwa wakati mmoja.

Alichosema kilikuwa kifupi. "Mzee, haviachwi. Pikapu iende KIA sasa hivi na mtu mmoja wa wenyeji juu yake. Sisi tunaruka kwenda KIA, tunavipakia huko, tunaondoka navyo."

KIA njia ina mita 3,600, iko kama futi 2,930 juu ya bahari, na ina taa. Uzito ule pale hauna neno. Kilichobaki ni gharama: ada ya kutua mara ya pili, wahudumu wa chini, mafuta, na kingine ambacho mteja hakioni. Sehemu nyingi za injini ya jeti zinahesabiwa umri kwa idadi ya mara ilizowashwa na kuruka, si kwa saa peke yake. Kuruka dakika 15 kunakula umri ule ule ambao ungeliwa na safari ya saa mbili. Kapteni akampigia simu mmiliki wa kampuni, wakakubaliana bei, akaiandika kwenye karatasi, mshenga akasaini kabla injini haijawashwa. Hilo la kusaini kabla lina uzito wake. Ndege ikishaondoka, bei inageuka kuwa ugomvi.

Pikapu ikatoka. Tuliruka kuelekea mashariki na kilo 5,650, mikono ya kapteni ikaondoka kwenye vishikio vya gesi tulipofika V1, kama inavyotakiwa, ili asishawishike tena kusimama. Mji wa Arusha ukapita chini, Meru kushoto na wingu kifuani, na kabla ya wazee kumaliza kuzungumzia mandhari tulikuwa tumeshusha magurudumu KIA.

Pikapu ilikwama Usa River. Muda huo tuliutumia kuongeza kilo 150 za mafuta, kama lita 190, kwa kuwa kile kipande kifupi kilikula 120. Ilipofika, tulipanga mzigo kwa mahali pake, maana ukijaza mkiani peke yake uzito unarudi nyuma na pua inakuwa nyepesi kuliko inavyoruhusiwa. Maharage yakaingia sehemu ya mzigo ya puani, viazi na ndizi mkiani, vyote vikafungwa nyavu.

Asali ndiyo iliyotupa kazi. Sehemu za mzigo za jeti ile, mbele na nyuma, hazikuwa na hewa ya kushindiliwa kama chumba cha abiria. Kwenye futi 33,000 hewa ya nje ni karibu robo tu ya ile ya pwani. Ndoo iliyofungwa Arusha ina hewa ya Arusha juu ya asali. Ikifika huko inavimba na mfuniko unafyatuka. Asali ikimwagika mkiani inaingia kwenye nyaya na vifaa, na fundi atashinda siku nzima anafungua vibao. Tukaiweka ndani kwa abiria, tukalegeza mfuniko kidogo hewa ipumue, tukaivika mifuko miwili ya nailoni, tukaifunga kwa mkanda kwenye kiti kilichobaki wazi. Mshenga akakaa jirani nayo na kuiwekea mkono njia nzima.

Tuliondoka KIA saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na kilo 5,925, tukatumia chini ya nusu ya njia. Dar tulitua kwa kuelekea kaskazini mashariki, upepo wa kaskazi usoni, giza linaingia. Vijana wa familia walikuwa Jengo la Kwanza na gari, wakapokea magunia kwa vigelegele vya kina mama waliokuja nao.

Tangu hapo fomu ya kampuni ya kupokea kazi ikaongezwa mistari miwili. Mmoja unamuuliza mteja atarudi na nini na kinakadiriwa kilo ngapi. Mwingine unasema kwamba kwa Arusha, kuondoka baada ya saa tano asubuhi, bei ya KIA inaandikwa pembeni tangu mwanzo na mteja anaisaini siku ya kulipa. Mizani ya kuning'iniza ikapewa mahali pa kudumu puani mwa ndege, karibu na kofia za vijibomba.